Nyoka Mchanga Hataki Kula? Kabla Hujamfungua Mdomo, Soma Hapa Kwanza

Simu yangu iliita saa tano usiku. Alikuwa rafiki yangu, Mtanzania mwenzangu anayesoma Ujerumani. Kwa saa hizo nikajua ni msiba, au ni hela.

"Dada, huyu mtoto hali. Wiki ya sita hii. Naona ananifia mkononi."

Nikashtuka, maana ninavyojua mimi jamaa hana mtoto. Kumbe mtoto mwenyewe ni chatu, urefu wa rula moja na nusu, aliyeachiwa na mwanafunzi mwenzake aliyekuwa anahama. Na tayari alishasoma mahali kwamba nyoka akigoma unamshika kichwa, unampanua mdomo kwa kadi ya plastiki, unamsukumia panya kooni. Kadi alikuwa nayo mkononi.

Nikamwambia: weka kadi chini, kalale. Kesho asubuhi nitumie namba tatu tu. Uzito wake kwa gramu, joto la upande wa moto, na joto la upande wa baridi.

Makala hii ni yale niliyomweleza siku zilizofuata. Inawahusu hasa ninyi mlioko Ulaya na Marekani, ambako nyoka hawa huzaliwa kwa wafugaji na kuuzwa kihalali. Kwa tulioko nyumbani, neno moja kabla hatujaendelea: Kenya na Tanzania chatu ni mnyamapori, na huwezi kumfuga bila kibali. Ukimkuta shambani, mwache aende zake. Usimwokote halafu uje uniulize mbona hali.

Huyu nyoka ni nani?

Chatu anayefugwa zaidi majumbani ni yule mdogo anayeitwa Python regius. Neno "regius" ni Kilatini, maana yake "wa kifalme", kwa hiyo hapa nitamwita chatu wa kifalme. Usimchanganye na chatu wetu mkubwa anayemeza swala. Huyu akikomaa huwa na mita moja hadi moja na nusu hivi, na akiogopa hajikusanyi ili akushambulie, anajiviringisha kama mpira na kuficha kichwa katikati. Kwao ni Afrika, kuanzia Senegali hadi upande wa Uganda, na wengi waliosambaa duniani asili yao ni Ghana, Togo na Benin.

Porini, mchana anakaa kwenye mashimo ya panya na ndani ya vichuguu. Giza, joto, unyevu, na kuta zinamgusa mwili pande zote. Shika picha hiyo kichwani, tutairudia.

Kitoto kikitoka kwenye yai kina gramu 50 hadi 80 hivi. Mama yake alijizungushia mayai kwa miezi karibu miwili, lakini yakishaanguliwa kazi yake imeisha. Hakuna wa kumfundisha mtoto kula. Anaanza maisha na akiba ya kiini cha yai tumboni, anajivua ngozi kwa mara ya kwanza baada ya wiki moja au mbili, na hapo ndipo njaa ya kweli inaanza. Yaani mlo wa kwanza ni uamuzi mkubwa: kitu kidogo cha gramu 60, ambacho hakijawahi kuua chochote, kitoke mafichoni kipambane na mnyama mwenye meno. Kikihisi mazingira hayako salama, kitasubiri. Kusubiri ndiko kulikowafanya wahenga wake waishi.

Kufunga si kufa njaa

Hapa ndipo wenye nyoka wengi wanapata hofu bure. Sisi tunakula ili tupate joto la mwili. Sehemu kubwa ya ugali wako wa mchana inachomwa kukuweka kwenye nyuzi 37. Nyoka hana gharama hiyo. Joto lake anaazima nje, kwa hiyo mahitaji yake ya chakula ni sehemu ndogo tu ya mahitaji ya panya mwenye uzito kama wake.

Halafu ana kitu cha ziada. Mwaka 2007 mtafiti Marshall McCue alichapisha kazi aliyofanya kwa nyoka wa aina tatu, chatu wa kifalme akiwa mmojawapo. Walikaa bila kula hadi siku 168, karibu miezi sita. Wengine walishusha umetaboli wao kwa hadi asilimia 72, uzito ulipungua kati ya asilimia 9 na 24, na cha kushangaza zaidi, waliendelea kurefuka. Hakuna chakula, ila mwili unarefuka! Kwa chatu wa kifalme mzima, kugoma kula miezi kadhaa wakati wa msimu wa baridi ni jambo la kawaida kabisa.

Sasa usichukue habari hiyo ukaifanya mto wa kulalia. Mtoto hana akiba ya mtu mzima. Mzima wa kilo moja na nusu akipoteza gramu 10 hata hutagundua. Mtoto wa gramu 60 akipoteza gramu 10, ameondokewa na sehemu ya sita ya mwili wake. Ndiyo maana namba ya kwanza niliyomwomba rafiki yangu ilikuwa uzito. Kalenda inakuambia muda uliopita tu. Mizani ndiyo inayokuambia hali yake. Mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha. Mpime mara moja kwa wiki, siku ileile, andika.

Tumbo linalofungwa kama kiwanda

Kwa nini niliuliza joto? Kwa sababu kwa nyoka joto na chakula haviachani.

Kati ya mlo na mlo, chatu hupunguza utumbo wake, kama kiwanda kinachozima mashine kisipopata oda. Akimeza, kila kitu kinawashwa upya: tindikali inamwagika tumboni, kuta za utumbo zinanenepa, ini na figo vinaongezeka. Kwa chatu wa Burma, watafiti walipima misuli ya moyo ikiongezeka kwa asilimia 40 hivi ndani ya siku mbili baada ya mlo. Matumizi ya nishati yanapanda mara kadhaa, na kwa mlo mkubwa hupanda hata zaidi ya mara 10.

Kazi yote hiyo inaendeshwa na vimeng'enya, na vimeng'enya vya nyoka vinategemea joto la nje. Pakiwa baridi, panya aliyemezwa ataoza tumboni kabla hajasagwa, na nyoka atamtapika. Kwa mtoto, kutapika ni hatari kuliko kugoma. Anapoteza maji, tindikali inaunguza koo, na tumbo linahitaji wiki mbili hivi kutulia kabla ya kujaribu tena. Kwa hiyo nyoka aliye kwenye baridi akikataa chakula, usimwite mkaidi. Anakuambia hana moto wa kupikia.

Namba za rafiki yangu zilikuja asubuhi. Uzito gramu 56, kutoka 61 siku alipokabidhiwa. Upande wa moto nyuzi 27, upande wa baridi 21. Kipimajoto kilikuwa kimebandikwa juu ya kioo, karibu na mfuniko, wakati nyoka anaishi chini sakafuni. Na mkeka wa umeme wa kumpasha joto ulikuwa wa ukubwa wa bahasha, chini ya tangi la kioo la kutosha samaki wa mgahawa mzima.

Kitoto kilikuwa na baridi, na kilikuwa katikati ya uwanja wa mpira bila pa kujificha. Wewe ungekula?

Chakula anakijuaje?

Tazama midomo ya chatu, utaona safu ya vishimo vidogo. Hivyo vinahisi joto la miili mingine. Mwaka 2010 kundi la watafiti wa maabara ya David Julius, ambaye mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel, walionyesha kwamba kazi hiyo inafanywa na protini iitwayo TRPA1. Wewe pia unayo. Kwako ndiyo inayokuwasha puani ukila haradali kali. Kwa nyoka wenye vishimo, protini hiyohiyo imegeuzwa kuwa jicho la joto.

Kiungo cha pili ni ulimi. Kila anapoutoa anaokota chembe za harufu hewani, anazipeleka kwenye kiungo cha Jacobson juu ya kaakaa. Cha tatu ni macho, ambayo yanakamata zaidi mwendo.

Jumlisha sasa. Kwa chatu, chakula ni kitu chenye joto kuliko mazingira, kinachonuka mawindo, na kinachosogea. Panya aliyetoka kwenye barafu, akayeyushwa nusu na kulazwa sakafuni saa saba mchana, hana hata kimoja. Nyoka wako hakatai chakula. Hajakiona.

Mpango wenyewe, hatua kwa hatua

Kwanza, nyumba. Mtoto mweke kwenye kontena dogo la plastiki lenye matundu ya hewa na kifuniko kinachofunga sawasawa, urefu wa sentimita 40 hivi. Baadaye atapanda kwenye nyumba kubwa. Upande mmoja uwe nyuzi 31 hadi 33, mwingine 25 hadi 27, upime palepale sakafuni anapolala. Mkeka wa joto lazima uunganishwe na kidhibiti joto, kwani mkeka usiodhibitiwa unaunguza nyoka na unaunguza nyumba. Unyevu asilimia 60 hivi. Weka maficho mawili yanayofanana, moja kila upande, yawe madogo kiasi kwamba akiingia anagusa kuta. Kichuguu, unakumbuka? Na bakuli la maji safi kila siku.

Pili, mwache. Siku saba kamili bila kumshika, bila kumpiga picha, bila kumwonyesha mgeni. Hii ndiyo iliyomshinda rafiki yangu kuliko zote. Alikuwa anamtoa kila jioni "kumwangalia kama yuko hai". Kwa nyoka, kunyanyuliwa na kiumbe kikubwa ni kukamatwa na mwewe. Huwezi kukamatwa na mwewe kila jioni halafu ukawa na hamu ya kula.

Tatu, chakula cha saizi yake. Panya mdogo ambaye upana wake unalingana na sehemu nene ya mwili wa nyoka, au kama asilimia 10 ya uzito wake. Wengi wanaogopa wanampa kipanya kichanga cha waridi kisicho na manyoya. Chatu wa kifalme mara nyingi hakijali hicho, hakina joto la kutosha wala hakitembei. Kipanya kilichoota manyoya kinafaa zaidi.

Nne, kumwandaa panya. Mtoe kwenye friza, mwache ayeyuke usiku kucha kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa. Ukikaribia kulisha, uzamishe mfuko kwenye maji ya moto ya bomba mpaka ngozi yake ifike nyuzi 38 hadi 40, kichwa kikiwa na joto kuliko kiuno. Usitumie maikrowevu hata kidogo, utampika ndani au umpasue. Vyombo vya kazi hii visirudi kupikia. Nyoka hubeba bakteria wa Salmonella wasiomdhuru yeye ila wewe wanakulaza, kwa hiyo sabuni na maji kabla na baada.

Tano, muda na namna. Subiri giza, zima taa kubwa, bakiza mwanga hafifu. Mshike panya kwa koleo refu, kiunoni, kisha mlete taratibu mbele ya maficho, kama anayepita njia. Mtikise kidogo, simamisha, tikisa tena. Usimgonge nyoka nacho usoni. Ukiona shingo imejikunja kama herufi S na ulimi unatoka polepole kuelekea panya, usipumue. Akipiga na kujiviringisha, achia, ondoka, na usirudi kuangalia kwa nusu saa.

Akikataa baada ya dakika kumi, mlaze panya mlangoni pa maficho, funika kontena kwa kitambaa, mwache mpaka asubuhi. Asubuhi kama hajala, mtupe panya huyo, usimrudishe kwenye barafu. Kisha subiri siku tano hadi saba. Kumletea chakula kila siku kunamfundisha kwamba panya ni kero.

Na kama ngozi yake imefifia na macho yana ukungu wa bluu, usijaribu kabisa. Anajiandaa kujivua, haoni vizuri. Mngoje amalize.

Bado anagoma?

Hapo ndipo tunaingia kwenye ujanja. Jaribu mmoja kwa wiki, usichanganye yote siku moja, la sivyo hutajua kilichofanya kazi.

Badilisha harufu. Msugue panya kwa takataka za kizimba cha panya hai. Au msugue kwa manyoya ya kifaranga. Si uchawi huo. Utafiti uliofanyika kusini mashariki mwa Nigeria ulionyesha kwamba chatu hawa wakiwa chini ya sentimita 70 hula zaidi ndege wadogo, wakikua ndipo wanahamia kwa panya. Kumbe inawezekana mtoto wako anangoja ndege.

Badilisha aina ya panya. Wafugaji wengi wanaona chatu wagumu wanalainika kwa Mastomys natalensis. Huyu tunamjua sana: ni panya shamba wetu, yule mwenye chuchu nyingi, anayemaliza mahindi ya wakulima, ambaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wamemfanyia kazi miaka mingi. Anaishi karibu kote kusini mwa Sahara, ikiwemo nchi za chatu wa kifalme. Mtumie wa kufugwa tu. Wa kukamatwa porini anaweza kuwa amekula sumu au ana vimelea, na Afrika Magharibi panya huyu ndiye anayebeba virusi vya homa ya Lassa.

Funua harufu ya ndani. Toboa fuvu la panya aliyekufa ili harufu ya ubongo itoke. Inachefua, ila mara nyingi inafanya kazi.

Mawindo hai iwe hatua ya mwisho kabisa, na ya kusimamiwa kwa macho mwanzo hadi mwisho. Panya mwenye meno akiachwa usiku na nyoka asiye na njaa, anayeliwa ni nyoka. Tena baadhi ya nchi zina sheria kali juu ya jambo hili, ulizia kwanza.

Na ile kadi ya plastiki? Hapana. Taya la mtoto wa chatu ni mifupa myembamba kama njiti za kiberiti. Unaweza kulivunja, unaweza kumpitishia chakula njia ya hewa, na hata ukifanikiwa, unaweza kumsababishia msongo kiasi kwamba atatapika na kuwa mgumu zaidi. Kumlisha kwa kusaidiwa kupo, lakini akufanyie au akufundishe daktari wa wanyama anayewajua nyoka, mkono kwa mkono. Usijifunze kwenye video.

Wakati wa kuacha kusubiri

Mpeleke kwa daktari, usingoje wiki nyingine, ukiona mojawapo ya haya: uzito umeshuka zaidi ya asilimia 10 tangu alipokuwa sawa na bado unashuka, uti wa mgongo umechongoka na ubavu umelegea, anapumua mdomo wazi, anatoa mapovu au mlio wa filimbi, ndani ya mdomo kuna usaha au wekundu, vidudu vyeusi vinatembea kwenye magamba au vinaelea kwenye bakuli la maji, huo ni utitiri, au ametapika mara mbili. Nyoka mgonjwa hagomi kwa sababu ya mazingira, na hakuna ujanja wa kifaranga utakaomponya. Nenda na daftari lako la uzito. Daktari atalifurahia kuliko hadithi ndefu.

Rafiki yangu yeye hakufika huko. Alinunua kontena la bei ndogo, kidhibiti joto, na maficho mawili aliyoyatengeneza kwa makopo ya maua yaliyopinduliwa. Akamaliza siku saba bila kumgusa, ingawa alinitumia ujumbe kila siku kuniambia kwamba hajamgusa. Jaribio la kwanza: hapana. Uzito gramu 55. La pili, wiki iliyofuata: ulimi ulitoka, shingo ikajikunja, halafu akarudi ndani. Gramu 55 tena. Hapo nikamwambia umeshashinda, maana uzito umeacha kushuka na mtoto ameanza kuangalia.

Jaribio la tatu alimsugua panya kwa manyoya ya kifaranga. Saa sita kasoro usiku simu yangu ikaita tena. Safari hii nilipokea huku natabasamu, lakini upande wa pili hakukuwa na sauti, ila pumzi tu. Kisha kwa kunong'ona, kama mtu aliye msikitini:

"Dada. Mkia tu ndio umebaki nje."

Basi, ukimaliza kusoma hapa usiende kutafuta panya. Nenda kachukue kipimajoto, ukiweke sakafuni anapolala nyoka wako, na usubiri saa nzima kabla ya kusoma. Kisha mizani. Namba zako ukizipata, andika. Na kama umeshaanza kumtoa kila jioni kumwangalia, leo mwache alale.